Kupe Ndiye Aliyemlaza Ukucha

Chumba cha juu,
Nyuma ya ghala la ngozi.
Jumapili, tarehe 9 Machi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Nakujua wewe. Bahasha umeichana kwa meno, miwani iko kwenye paji la uso badala ya machoni, na sasa macho yanakimbia chini ya ukurasa kutafuta habari za mpwa wako. Rudi juu. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba barua isiyo na salamu ni tangazo la serikali, kwa hiyo leo utazisoma salamu zote, na ukiruka mstari nitajua.

Je, hujambo? Goti la kushoto bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mkazamjomba hajambo, na lile jino lake lilishang'olewa au bado analibembeleza? Mama, dada yako, anakusalimu sana na anasema shikamoo yake ya mwezi huu haijamfikia. Sisi huku ni wazima. Nimeliandika neno hilo polepole ili nilifaidi. Wote, Mjomba, ni wazima.

Haya, sasa keti, na Mkazamjomba naye aketi.

Ukucha, mdogo wangu, hana saratani ya damu. Hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Kilichomlaza ni kupe, mdudu yule yule uliyekuwa ukimpasua kwa kidole gumba huku mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Alimng'ata, akamwachia vijidudu kwenye damu, na vijidudu vikaigiza saratani kwa ustadi hata hospitali kubwa ikakaribia kudanganyika. Amekunywa vidonge, amepona, amerudi kazini. Unaweza kupiga kelele sasa. Sisi tulipiga, mpaka majirani wakaja mbio na khanga mabegani wakidhani tumefiwa.

Lile sanduku ulilosema umelifunga, lifungue uitoe ile nguo nyeusi. Kuja, njoo, lakini njoo kutembea.

Nikusimulie tangu mwanzo, maana barua iliyopita niliandika huku nalia na nina hakika hukuelewa nusu yake.

Ilianza siku kumi hivi baada ya kuingia shehena kubwa ya ngozi mbichi, zile zilizofika zikiwa hazijapata chumvi ya kutosha. Ukucha alisimama kwenye meza ya kupangia madaraja wiki nzima bila kupumzika. Halafu akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma na viungo vimekufa ganzi. Ukucha kulalamika! Mtu aliyewahi kujikata na kisu cha kuchunia akafunga jeraha kwa kamba ya kiatu akaendelea na kazi. Tukadhani mafua. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Zahanati wakapima malaria, hamna. Wakapima homa ya matumbo, hamna. Wakampa dawa za kutuliza homa, na homa ikazidharau.

Kufika wiki ya tatu amebaki mifupa. Mitoki imemtoka shingoni na kwenye kinena. Ubavu wa kushoto umejaa, wakasema bandama imevimba. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu, na miguuni amepata vidoa vyekundu kama mtu aliyerushiwa rangi. Mashine ya kupimia damu ikatoa karatasi ya kutisha: chembe nyeupe chache mno, zile za kugandisha damu karibu zimekwisha, na kati ya zilizobaki kuna nyingine kubwa kubwa zenye sura ngeni, kama ambazo hazijakomaa. Tabibu wa zahanati aliisoma mara mbili, akavua miwani, akatuambia twende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, tusipitie hata nyumbani.

Wakamlaza ghorofa ya tatu, wodi ya magonjwa ya damu. Vitanda vinane, kuta za kijani, dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Ukucha alipewa kitanda cha sita. Cha saba alikuwa mtu mmoja mcheshi ambaye kila mtu alimwita Kinyozi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kipara kabisa kwa dawa kali za saratani, lakini hakuna mganga wala muuguzi aliyepita pale bila kuambiwa kwamba amenyolewa vibaya.

Daktari wa damu ni mama mfupi, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Aliketi na Ukucha muda mrefu akimuuliza maswali. Na hapa nisikilize kwa masikio yote mawili, Mjomba, kwa sababu na wewe umo.

Umesafiri? Hapana. Umelala porini au umepita kwenye nyasi ndefu? Hapana. Nyumbani mnafuga? Hapana. Kazini unashughulika na wanyama? Hapana. Ukucha alijibu bila kusita, na mimi niliyekaa pembeni na kikapu mapajani nikaitikia kwa kichwa. Kazi yako ni nini? Niko ghalani, napanga madaraja. Daktari akaandika kwenye faili: mfanyakazi wa ghala.

Hakuna aliyesema uongo. Umesahau siku uliyompeleka Ukucha mezani kwa mara ya kwanza? Ulimwambia mbele yetu sote kwamba mfugaji ana shughuli na mnyama, mchinjaji ana shughuli na mnyama, lakini sisi tuna shughuli na ngozi, na mnyama ameishia mlangoni. Ulikuwa umechoka na watu wanaoziba pua tukipita barabarani. Ulitaka tutembee kifua mbele, na kweli tulitembea. Ghala zima limekua na maneno yako. Ungemuuliza yeyote pale swali la daktari, toka msimamizi mpaka mama wa chumvi anayezipaka ngozi, angekujibu vile vile na kukushangaa.

Basi wakamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kutoa uboho. Nilimshika mkono, akauminya hata leo nikishika sindano yangu ya ngozi kidole kinanikumbusha. Sampuli ikatoka vibaya, haikuonyesha kitu cha kushika. Daktari hakutuficha. Alisema hana uhakika bado, ila kila anachokiona kinafanana na saratani ya damu, na mgonjwa anazama haraka. Atarudia kuchukua uboho, na majibu yakikubali, dawa kali zitaanza Jumatatu. Nikamuuliza dawa hizo zinafanyaje kazi. Akasema zinaua chembe mbaya, na nzuri chache zilizobaki nazo zitakwenda kwa muda. Siku ile nilielewa maneno tu. Maana nilikuja kuielewa baadaye: kama kuna vijidudu vinavyokula damu ya mtu, ukamwondolea na askari wake wa mwisho, umemmaliza. Nilikwenda nikakuandikia barua ile.

Mjomba, Ukucha alijiandaa kufa. Alianza kuomba radhi. Mama aliambiwa kwamba saa ya ukutani haikuangushwa na paka miaka ishirini iliyopita, na paka yule masikini alifukuzwa bure. Mimi niliambiwa kwamba barua zangu zote za uchumba zilikuwa zinafunguliwa kwa mvuke wa birika na kusomwa kabla hazijanifikia. Msimamizi aliitwa kitandani akaelezwa ni nani anayemwigiza anavyotembea. Na wifi yangu, mke wake, alishikwa mkono akaambiwa kwa machozi kwamba ule uji wake wa asubuhi, miaka tisa yote, unamwagwa dirishani kwa kuku wa jirani. Wifi alilia, akamsamehe. Sote tulisamehe. Mtu anayekufa utamnyima nini?

Ijumaa asubuhi akaja dada wa maabara kuchukua damu. Tulikuwa tumemzoea, msichana mwembamba mwenye viatu vya plastiki. Alikuwa anatafuta mshipa, akaugeuza mkono wa Ukucha, akauona ule ukucha wa kidole gumba, mrefu, mnene, umechongwa pembeni.

"Kaka, huu wa nini? Unapiga gitaa?"

Ukucha alikuwa hawezi kuinua kichwa. Lakini ukitaka kumfufua mtu wa ukoo wetu, muulize kuhusu kazi yake. Akafumbua macho.

"Huo ndio unaonipa ugali, dada. Naupitisha juu ya ngozi huku nimefumba macho. Hapa mwiba, hapa kisu cha mchunaji, hapa kupe. Ngozi ya kupe inashuka daraja."

"Tundu la kupe, au na kupe mwenyewe?"

"Ngozi ikiwa ya jana, wenyewe bado wamo. Nawang'oa kwa huu huu. Wengine wanapanda mkononi, wanatafuta joto."

"Wanakung'ata?"

"Aa, si sana. Ukimwona unamtoa, unaendelea."

Dada akauachia mkono. "Mbona kwenye faili imeandikwa hushughuliki na wanyama?"

"Sishughuliki," Ukucha akajibu, na nikaona amekasirika kweli, hasira ya kwanza ya wiki ile. "Mimi ni mtu wa ngozi."

Dada wa maabara akanigeukia mimi. Nami, Mjomba, nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuunga mkono mdogo wangu. Nikajiona pale na kikapu changu, mtu mzima mwenye akili zake, niliyeitikia kwa kichwa. Dada akachukua damu yake haraka haraka akatoka. Hakutembea, alikimbia, na viatu vile vilisikika vikipiga sakafu mpaka mwisho wa ukumbi.

Baadaye alitueleza alichofanya. Aliketi kwenye hadubini akapitia kioo baada ya kioo, mkojo umembana na hakuinuka. Mashine inajua kuhesabu, alisema, lakini haijui kutazama. Akatazama mamia ya chembe. Ndani ya chembe moja nyeupe akaona kifungu cha nukta za zambarau zimebanana kama punje za mtama. Akatafuta, akapata nyingine, na ya tatu. Akamwita Daktari. Daktari akainama kwenye hadubini, akainuka, akasafisha miwani, akainama tena. Halafu akaipiga meza kofi hata vioo vikaruka.

Alikuja wodini akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho wauguzi wanasema hajawahi kukifanya.

"Nilikuuliza swali bovu," akamwambia Ukucha. "Nisamehe. Sasa niambie kazi yako yote, toka unavaa aproni mpaka unavua."

Ukucha akamwambia yote, akipumzika kila sentensi mbili, na wodi nzima ikasikiliza habari za ngozi. Alipomaliza, Daktari akatueleza kwamba yako maradhi ya kupe yanayoshusha chembe za damu, yanayovimbisha mitoki na bandama, na yanayoleta homa isiyoondoka. Mtu akiyatazama kwa juu anaona saratani. Kipimo cha kuthibitisha kitachukua siku nyingi, na yeye hakuwa tayari kungoja. Dawa itaanza sasa hivi.

Tukasubiri tuone dawa. Tulitazamia mashine, mirija, chupa zinazoning'inia. Muuguzi akaleta kidonge kimoja kwenye kifuniko cha plastiki. Wifi akakitazama kwa uchungu.

"Ni haka tu?"

"Asubuhi kimoja na jioni kimoja," Daktari akasema. "Na asilale mara tu akimeza, kitamchoma koo."

Jumamosi homa ilipanda kama kawaida lakini ikachoka mapema. Jumapili asubuhi niliingia nikakuta shuka kavu. Nilimgusa kifuani, nikamgusa shingoni, nikatoa kiganja nikakipuliza nikamgusa tena, sikuamini. Akafumbua jicho moja akaniuliza nimekuja na chakula au nimekuja kumpapasa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali nikalia, na Kinyozi akanirushia taulo.

Jumatatu, siku yenyewe ya dawa kali, Daktari aliingia na karatasi ya uboho wa pili. Alisimama katikati ya wodi. Yule mama wa sauti ya chini siku hiyo aliitoa sauti aliyokuwa ameiweka akiba maisha yake yote: hakuna saratani! Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Kinyozi, wakafuata wote, na wale wenye mirija mkononi walipiga kwa mkono mmoja juu ya paja. Dada wa maabara alichungulia mlangoni, tukamvuta ndani, wifi yangu akambeba juu juu kama mtoto. Kile kipimo kikubwa nacho kimesharudi. Ni kupe, hakuna ubishi.

Nikuambie habari ya ghalani maana najua utaipenda. Wiki iliyofuata Daktari alikuja mwenyewe, na dada wa maabara nyuma yake na kisanduku. Tukamsimamisha Daktari juu ya jukwaa la mizani ili aonekane. Watu thelathini na nane mbele yake, aproni zimekakamaa chumvi.

"Nani kati yenu anashughulika na wanyama?"

Hakuna mkono ulioinuka hata mmoja. Daktari akamtazama Ukucha, Ukucha akatazama dari.

"Haya. Nani amewahi kutoa kupe kwenye mwili wake?"

Mikono ikaenda juu yote. Msimamizi aliinua miwili. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikatoka nje nikaendelea kuchekea huko.

Lakini walipopima wenye homa, wawili walikutwa na ugonjwa huo, na mmoja ni mama wa chumvi, ambaye kwa siku kumi na mbili alikuwa akinywa dawa za maumivu na kujiambia kwamba ni uzee. Wote wawili wamepona. Na sote, bila mtu kutaja, tulimkumbuka rafiki yako mpima mizani, tuliyemzika mwaka juzi kwa jina la ugonjwa wa damu. Nilimuuliza Daktari faraghani. Akasema hajui, na kwamba wapo wengi ambao kweli huwa ni saratani. Sikumsukuma zaidi. Nilikwenda kwa mjane wake nikakaa naye tu.

Sasa ngozi inalazwa kwenye chumvi siku zake zote kabla ya kugusa meza. Kila mtu ana glovu ndefu. Kabla ya kuondoka jioni watu wanakaguana makwapani na nyuma ya magoti, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na utani unaosemwa kwenye ukaguzi huo siwezi kuuandika kwenye barua atakayosomewa Mkazamjomba. Ukucha alinuna siku mbili kuhusu glovu, akidai gumba lake limefungwa jela. Sasa anavaa.

Na kule hospitalini, Mjomba, wamebadilisha fomu. Nimeiona kwa macho yangu. Lile swali la wanyama lipo, lakini chini yake wameongeza jingine: Eleza mikono yako inashika nini tangu asubuhi mpaka jioni. Swali hilo limetoka kwenye ukoo wetu. Waganga wasomi wanaliuliza kila siku na hawajui kwamba chanzo chake ni kiburi chako.

Sikugombezi. Au nakugombeza kidogo. Lakini kwa kuwa huko uliko bado hujaweza kukaa mbali na ngozi, waambie wenzako habari hii yote, usiikate. Na ile homa uliyoitaja ya kuja na kuondoka, nenda kaonyeshe damu yako kesho. Wakikuuliza kazi, anza lori linapofunguliwa na usiache kitu. Nitataka kuona karatasi.

Ukucha sasa ananenepa na kazi kubwa aliyo nayo ni kuishi na maungamo yake. Msimamizi amemtaka amwigize mbele ya wote ili aone, na anasema haigizi vizuri. Mama anamdai paka. Mimi bado sijaamua adhabu ya barua. Wifi ndiye mkali kuliko wote, kila asubuhi anapika uji wa maziwa bakuli mbili, anakaa mbele yake mikono imekunjwa, dirisha limefungwa, mpaka aone chini ya bakuli. Ukucha anasema angejua atapona angekufa kimya kimya.

Jambo moja tu lilikuwa linamkata maini. Siku ya kutoka wodini alikuwa anakunja nguo zake bila kutazama kitanda cha saba. Siku za mwanzo, Kinyozi alikuwa amemwahidi kwamba dawa kali zikianza atamnyoa yeye mwenyewe, kabla nywele hazijaanza kudondoka, ili zisimfedheheshe. Sasa mmoja anarudi nyumbani na vidonge mfukoni, na mwingine anabaki. Kinyozi aliona. "Nenda bwana," akamwambia. "Wewe ulipotea njia. Mimi ndiye mwenyeji hapa." Ukucha alikwenda ghalani akawaambia wenzake kumi na wawili waliokuwa wamejiandikisha kumtolea yeye damu kwamba miadi iko pale pale, kitanda tu ndicho kimebadilika. Wote walikwenda. Na toka siku hiyo Ukucha hajakata nywele. Amesema hakuna mkasi utakaomgusa mpaka mwenyeji wa kitanda cha saba asimame kwa miguu yake. Kichwa kimekuwa kichaka, Mjomba, glovu tu ndizo zinazomtofautisha na mwendawazimu. Kila Jumapili anakwenda kumtazama.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini nimesikia mlango wa chini na wifi amepiga ukelele. Subiri.

Nimerudi. Nimepanda ngazi mbio, nisamehe mwandiko.

Ukucha ametoka hospitali sasa hivi. Upande wa kulia wa kichwa chake umenyolewa vizuri sana, safi, mstari umenyooka juu ya sikio kama uliochorwa kwa rula. Upande wa kushoto ni kichaka kile kile. Amepanda basi hivyo, akapita sokoni hivyo, na akina mama wa mboga wamemcheka njia nzima.

Damu ya Kinyozi imeanza kujitengeneza yenyewe. Wiki hii chembe zimepanda mara mbili mfululizo, na leo Daktari amemruhusu kusimama dakika kumi. Akazitumia zote kumi juu ya kichwa cha mdogo wangu. Mkono ulitetemeka mwanzo, Ukucha anasema, halafu ukakumbuka kazi. Dakika zilipokwisha akakaa kitandani akihema, na muuguzi akamnyang'anya mkasi.

Wifi ameshatoa mkasi wake kabatini, anamfuata chumba kizima ili amsawazishe, angalau asiende kazini kesho na kichwa cha namna hiyo. Ukucha ameziba upande ule kwa mikono yote miwili.

"Usiguse," anamwambia. "Huo una mwenyewe. Ataumaliza Jumapili."

Na ataumaliza, Mjomba. Mimi nimeamua hivyo.

Msalimie Mkazamjomba kwa upendo, wasalimie binamu zangu pacha na mkwe wenu mpya ambaye sijamwona. Mama anakubusu kichwani, Ukucha na mkewe wanasema shikamoo, mama wa chumvi na ghala zima wanakusalimu. Mungu akupe damu safi na goti linalokunjika, akulinde mpaka tuonane hapa mlangoni.

Wako akupendaye, hata ninapokugombeza,

Mpwa wako, dada wa Ukucha.